Kutoka Ndiva Hadi Soko la Hisa: Historia ya Kumuuliza Mwanao Kabla ya Kuuza Tangawizi

Leo siandiki juu ya viwavijeshi wala mbolea. Naandika juu ya hisa, na nina sababu.

Msimu uliopita mama mmoja alishuka kutoka upande wa Mamba hadi ofisini kwangu. Alikuwa ameuza tangawizi na fedha zilikuwa kwenye simu, laki nane. Mwanawe yuko chuo, mwaka wa pili, na alikuwa amempigia akisema: "Mama, usinunue mbegu zote. Tumefundishwa uwekezaji wa hisa. Nitumie, nitakuzalishia." Mama akaniuliza, "Bwana shamba, hisa ni kitu gani hasa? Maana laki mbili nimeshatuma."

Nilikaa kimya, kwa sababu nilikumbuka kwamba miaka mitatu nyuma, kwenye mkutano wa kijiji hichohicho, mtu aliniuliza habari za hisa nikajibu kwa mkato: "Hizo ni kamari za matajiri wa mjini, sisi tulime." Watu walicheka, tukaendelea na agenda. Nilijibu hivyo kwa kuwa sikujua, na sikutaka ionekane sijui. Stashahada yangu ni ya kilimo, na chuoni hatukufundishwa neno hata moja la soko la hisa. Ndiyo maana mama yule hakuja kuniuliza mapema. Alijua jibu langu.

Makala hii ni deni langu kwake. Nimeiandika kama historia, kwa sababu ukijua kitu kilikotoka hudanganyiki kwa urahisi.

Hisa unazijua tayari

Wazee wetu walichimba ndiva. Mto mdogo wa mlimani hautoshi kumwagilia mashamba yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo maji hukusanywa usiku kwenye bwawa, asubuhi hufunguliwa na kila mmoja humwagilia kwa zamu. Zamu haiji bure. Unaipata kwa kushiriki msaragambo: kusafisha mfereji, kutoa tope, kuziba ukuta unaovuja. Asiyefika hutozwa faini. Hakuna mtu mmoja mwenye ndiva. Kila aliyechangia ana sehemu yake, na mvua ikigoma wote hupata maji machache.

Hilo ndilo wazo la hisa: kazi kubwa kuliko uwezo wa mtu mmoja hugawanywa vipande, na mwenye kipande hushiriki neema na taabu.

Kwenye VICOBA pia mnanunua hisa kila wiki, na mwisho wa mwaka mnavunja na kugawana. Hisa za kampuni zinafanana na za VICOBA kwa jina, ila tofauti ni kubwa. Kwenye kikundi, mzunguko ukiisha unarudishiwa fedha zako pamoja na faida iliyotokana na riba ya mikopo yenu wenyewe. Kwenye kampuni hakuna siku ya kuvunja. Kampuni haikurudishii fedha. Ukitaka kutoka, lazima umpate mtu mwingine wa kununua kipande chako, kwa bei ya siku hiyo. Soko la hisa lipo kwa ajili hiyo. Ni gulio la vipande.

Gulio hilo lilianza na viungo

Mwaka 1602 wafanyabiashara wa Uholanzi waliunda kampuni ya kupeleka meli India na visiwa vya mashariki kufuata pilipili, karafuu, kungumanga na viungo vingine. Safari ilichukua miaka, na meli nyingine zilizama. Hakuna tajiri aliyetaka kubeba hasara hiyo peke yake, kwa hiyo mkazi yeyote wa nchi aliruhusiwa kuchangia. Mjini Amsterdam, miongoni mwa walioandikisha majina alikuwemo mtumishi wa ndani wa nyumba ambamo uandikishaji ulifanyika.

Gawio la kwanza lilikuja mwaka 1610. Miaka 8! Tena halikulipwa kwa fedha bali kwa viungo. Fikiria umechangia fedha, umesubiri miaka 8, halafu unaletewa magunia ya viungo ukatafute mnunuzi mwenyewe. Waliochoka kusubiri waliuza vipande vyao kwa wengine, na mauziano hayo ndiyo yaliyozaa soko la hisa.

Shika jambo hilo kwanza: tangu mwanzo, hisa ni mali ya kusubiri. Mti wa kahawa unauelewa. Huupandi leo ukavuna mwezi ujao.

Kwa nini sisi tulichelewa

Jirani zetu walianza mapema. Soko la hisa la Nairobi liliundwa mwaka 1954, wakati wa ukoloni, na halikuwa mahali pa Mwafrika. Kwetu, zaidi kidogo ya miaka 5 baada ya uhuru wa Tanganyika, lilikuja Azimio la Arusha. Februari 1967 mabenki yalitaifishwa, na kampuni nyingi kubwa zikawa mali ya umma, nyingine nzima na nyingine kwa sehemu kubwa. Nchi haikuhitaji gulio la kuuziana vipande vya kampuni wakati mwenye vipande ni Serikali.

Mkulima alibaki na ushirika wake, ambamo alikuwa mwanachama mwenye sauti. Lakini mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mazao yakanunuliwa na mamlaka za Serikali. Wazee wa kahawa hapa Upare wanaikumbuka miaka hiyo. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, na vyama vikuu vikaanza upya, kikiwemo VUASU chetu hapa Same. Nalisema hili ili ujue kwamba umiliki wa pamoja si jambo la kuletewa na vijana wa chuo. Baba zenu waliujua, wakanyang'anywa, wakarudishiwa.

Miaka ya 1990 mambo yaligeuka. Serikali ilianza kuuza mashirika yake. Swali likawa: je, mwananchi wa kawaida ataambulia nini? Mwaka 1994 ilitungwa sheria iliyoanzisha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, ambayo ndiyo msimamizi. Mwaka 1996 kampuni ya kuendesha Soko la Hisa la Dar es Salaam iliandikishwa. Tarehe 15 Aprili 1998 mauzo yalianza, kukiwa na kampuni moja tu, TOL, watengenezaji wa gesi za viwandani na hospitali. Gulio lenye meza moja! Miezi michache baadaye ikaja ya pili, kiwanda cha bia cha TBL, kisha nyingine zikafuata.

Hisa zilipofika wilayani

Watu wa kawaida hasa waliingia mwaka 2008 na 2009. NMB, benki iliyozaliwa mwaka 1997 baada ya NBC ya zamani kugawanywa, iliuza hisa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 600 kila moja. CRDB, ambayo mizizi yake ni benki ya maendeleo vijijini na ushirika, iliuza mwaka 2009 kwa shilingi 150. Hizi zilikuwa benki ambazo mwalimu, muuguzi na mkulima mwenye akaunti walizijua.

Sasa tufanye hesabu, maana historia bila hesabu ni hadithi. Chukua mtu aliyenunua hisa 1,000 za CRDB mwaka 2009. Alitoa shilingi 150,000. Bei ilipanda, miaka michache baadaye ikapita 300, na fedha yake ikawa zaidi ya 300,000. Kisha ikaanguka. Kufikia mwaka 2019 na 2020 bei ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 95, na hisa zake 1,000 zikawa na thamani ya 95,000, yaani chini ya alichotoa miaka kumi nyuma. Halafu ikapanda tena, na mwaka 2024 ikapita 500. Aliyeshika mpaka hapo alikuwa na zaidi ya 500,000, mbali na gawio alilokuwa akipokea katikati.

Mtu huyohuyo, hisa zilezile. Kama mtoto wake alifukuzwa shule kwa ada mwaka 2019 ikabidi auze, alipata hasara. Kama hakuwa na shida na fedha hizo, alipata faida. Utaona kwamba kilichoamua si ujuzi wake wa soko. Kilichoamua ni kama fedha ile ilikuwa na kazi nyingine nyumbani.

NMB ilifanya vizuri zaidi: kutoka 600 mwaka 2008 hadi zaidi ya 5,000 mwaka 2024. Lakini usikimbilie kusema zote ziko hivyo. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza hisa kwa 850. Jina kubwa, kila mtu ana laini yake mfukoni. Miaka michache baadaye bei ilikuwa chini ya 800. Kampuni kuwa maarufu si sawa na hisa yake kupanda.

Funzo la majirani

Mwaka 2008 Wakenya waliuziwa hisa za Safaricom kwa shilingi 5 za Kenya. Nchi nzima ilisimama. Watu walichukua mikopo benki ili wanunue. Waombaji wakawa wengi mno, kila mmoja akapata sehemu ndogo tu ya alichoomba, huku riba ya mkopo mzima ikiwa imeshaanza kutembea. Mwanzoni mwa 2009 bei ilishuka chini ya 3. Wenye mikopo waliuza kwa hasara. Wale walionunua kwa fedha zao za ziada wakazisahau, mwaka 2021 waliiona bei ikivuka 40.

Kampuni ni ileile. Aliyekopa alilia na asiyekopa alicheka.

Vijana wetu wanafundishwa nini

Mwaka 2014 Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianzisha shindano la wanafunzi wa vyuo. Kijana hupewa mtaji wa kufikirika wa shilingi milioni moja, hununua na kuuza hisa kwa bei halisi za soko kupitia simu au kompyuta, na washindi huzawadiwa. Ni mafunzo mazuri. Kijana anajifunza kumtumia dalali wa hisa, kusoma hesabu za kampuni, kujua gawio ni nini. Natamani sisi tungeyapata.

Lakini fedha ya mchezo haina njaa. Haidaiwi ada, haisubiriwi na mwenye pembejeo. Shindano huisha ndani ya miezi, na anayetaka kushinda hulazimika kununua na kuuza harakaharaka. Historia niliyokusimulia inasema kinyume: waliovuna ni waliosubiri miaka. Kijana anaweza kufaulu mchezo vizuri na bado akawa hajajifunza jambo kuu, ambalo ni kujua fedha ipi haipaswi kuguswa.

Kuna hatari nyingine kubwa kuliko hiyo. Kijana akishajua maneno "hisa", "faida", "kuwekeza", matapeli nao wanayajua maneno hayohayo. Mnaikumbuka DECI, iliyosimamishwa na Serikali mwaka 2009. Watu waliambiwa "wapande mbegu" na "watavuna". Lugha yetu ya shambani! Waliotangulia walivunishwa kwa fedha za waliochelewa, mpaka wapandaji wapya walipokoma. Hakukuwa na shamba, kiwanda wala benki nyuma yake. Mbegu haikuwahi kuingia ardhini.

Laki mbili za mama wa tangawizi

Nilimwambia mama asitume tena hata shilingi mpaka mwanawe arudi likizo. Kijana alipokuja nilimkalisha, si kwa ukali. Nikamuuliza: umenunua hisa za kampuni gani? Akasema, "Si kampuni moja, ni kundi, tunawekeza pamoja." Dalali wenu nani? "Yupo admini wa kundi." Namba yako ya akaunti ya hisa? Hana. Faida wanayosema? Asilimia 30 kwa mwezi.

Mwalimu wake alikuwa amemfundisha vizuri, daftari lilikuwa safi. Alichofanya kijana ni kuchanganya somo la darasani na kundi la WhatsApp. Laki mbili za mama yake zilikwenda kwenye kundi, hazikufika kwenye soko. Wiki mbili baadaye kundi likafungwa, namba haipatikani. Kijana alilia mbele ya mama yake. Mama hakumgombeza. Alisema tu, "Hiyo ilikuwa mbegu ya shamba la chini."

Nami ningejibu vizuri ule mkutano wa kijiji, labda angeniuliza kabla.

Maswali matano ya kuuliza

Wazee wetu wanatufundisha hapa. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta kodi iliyopimwa kwa makisio ya mali ya kila mtu, watu wakaiita mbiru. Januari 1945 watu wapatao 2,000 waliteremka kutoka milimani wakakusanyika Same kuipinga, na mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakasimama. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wa hukuhuku Upare, aliiandika habari hii. Watu hawakukataa kulipa kodi. Walikataa namba iliyofikiwa kwa njia wasiyoielewa, na utaratibu ule ukaachwa. Basi wewe nawe usikubali namba usiyoelewa ilikotoka. Mtu akikuletea habari za hisa, uliza:

1. Kampuni gani, na inafanya kazi gani? Kama hakuna kampuni yenye jina, inayoonekana kwenye orodha ya Soko la Hisa, simama hapo.

2. Dalali ni nani, na ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana? Hisa halali hununuliwa kupitia dalali mwenye leseni au mfumo wa Soko lenyewe wa simu, Hisa Kiganjani. Hazinunuliwi kwa kumtumia mtu fedha kwenye namba yake binafsi.

3. Akaunti ya hisa iko kwa jina la nani? Iwe kwa jina lako. Kama ni la mwanao, mkubaliane wazi kwamba umempa, si umemkopesha.

4. Faida itatoka wapi? Kuna njia mbili tu: gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni inaamua kugawa, na tofauti ya bei ukiuza. Gawio la kampuni iliyo sokoni hukatwa kodi ya asilimia 5. Ukigawiwa 10,000 unapokea 9,500. Zote mbili hazina ahadi. Anayekuahidi asilimia maalumu kila mwezi hauzi hisa.

5. Fedha hii ina kazi gani nyingine? Mbegu, ada, matibabu, mtaji wa duka: hizo haziendi sokoni. Fedha ya kukopa ndiyo kabisa haiendi. Soko letu ni dogo. Kuna hisa ambazo bei imeandikwa lakini mnunuzi haonekani kwa wiki nyingi. Ukiwa na haraka, utauza kwa hasara au hutauza kabisa.

Kama maswali hayo yamejibika na bado unaona kuchagua kampuni ni kazi ngumu, ipo mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT, ambayo ilianza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005. Hapo unanunua vipande, wataalamu wanasambaza fedha sehemu mbalimbali. Nayo thamani yake hupanda na kushuka, lakini hutegemei kampuni moja.

Walichofanya baadaye

Zilibaki laki sita. Tulikaa watatu mezani na kalamu. Mbegu na vibarua kwanza. Ada ya mdogo wake pili. Akiba ya dharura ikabaki VICOBA. Ikabaki elfu sitini isiyo na kazi. Mama akamtazama mwanawe akasema, "Hii nenda kwa dalali mwenye leseni, uandike jina langu, uniletee karatasi niione." Kijana alileta karatasi. Amenunua hisa za benki, chache sana. Mama ameihifadhi ndani ya Biblia yake pamoja na kadi za kliniki za watoto.

Sijui bei ya hisa zile itakuwa ngapi wakati kijana anamaliza chuo. Inaweza kuwa juu, inaweza kuwa chini. Lakini shamba la juu limepandwa, mdogo mtu yuko darasani, na bei ikishuka hakuna atakayelala njaa pale nyumbani.

Wewe mwenye mtoto chuo, akipiga simu kuzungumzia hisa, usimkatize kama nilivyomkatiza yule mwanakijiji. Mwache aeleze, halafu muulize maswali matano. Akijibu yote, huenda mwanao ana jambo la kukufundisha. Asipojibu, funga simu, ukapalilie.

Makala ijayo tutarudi kwenye kuoza kwa tangawizi shambani, maana mvua zinakaribia. Mwenye swali la hisa au la shamba, milango ya ofisi iko wazi. Safari hii sitajibu kwa mkato.